Gauni la Dansi la Mama Serafina

Mmeniomba niandike, na kuandika si kazi yangu. Mkono wangu umezoea chaki na mkasi. Kalamu naiona nyembamba mno. Lakini tangu nilipokabidhi cherehani mwezi uliopita, nyie wasichana wa chumba cha ushonaji hamjanipa nafasi. Kila nikipita kuwasalimu mnaniuliza lile lile: bibi, ilikuwaje mpaka ukawa fundi wa wanawake wanene? Basi nimeandika. Vyeo nimeviruka, kwa sababu cheo nilikuwa nacho kimoja tu tangu mwanzo hadi mwisho, nacho ni fundi. Mishahara nayo nimeiruka, kwa sababu haichukui muda kuisimulia. Nitawaeleza nilivyoanza, miaka ile ya hamsini, hapa hapa Ifakara, na gauni moja lililokaribia kunirudisha kwetu Kisawasawa.

Kushona nilifundishwa na masista wa misheni. Tulishona mapindo ya shuka, tukatia viraka kanzu za wanafunzi, tukatarizi herufi kwenye kona za leso. Mshono ukipinda, unafumua. Ukipinda mara ya pili, unafumua na kusali. Nilipotoka pale nilijua kushona kitu chochote kilicho bapa. Mwili wa mtu sikuwahi kuushonea, na mwili wa mtu hauna hata sehemu moja iliyo bapa.

Nilikuja Ifakara kukaa na shangazi yangu Priska, aliyeuza vitumbua sokoni na ambaye, kwa kusema kweli, alikuwa tangazo zuri la vitumbua vyake. Wiki ya kwanza tu akanichukua kwenda barazani kwa Fundi Shomari. Sikwenda kutafuta kazi. Nilikwenda kumbebea kitambaa.

Fundi Shomari alikuwa mtu wa Kilwa, mrefu, mkavu, kofia nyeupe kichwani kila siku, na sindano tatu amezichomeka kwenye ukosi wa shati. Alikaa kwenye baraza la duka la nguo pamoja na mafundi wengine wawili, wanaume, kila mmoja na cherehani yake ya miguu. Kwa makoti na suruali sifa zake zilifika Mahenge. Wanawake nao aliwashonea, lakini kwa adabu iliyopita kiasi. Mteja alishika mwenyewe ncha moja ya futi kifuani, fundi akashika ncha ya pili huku ametazama barabarani. Mzunguko ule alioshindwa kuuzunguka aliukadiria kichwani, akaongeza vidole vinne kwa usalama. Mteja akiwa mnene, aliongeza vinne vingine. Magauni yaliyotoka pale yalikuwa mifuko ya pamba yenye matundu matatu.

"Fundi," shangazi alimwambia siku ile, "lile la mwaka jana lingetutosha mimi na jirani yangu."

"Dada, nguo pana ina afya."

"Basi safari hii nataka yenye ugonjwa kidogo. Leokadia, shika futi unizungushe."

Nikamzungusha. Kifua, kiuno, nyonga, mkono, kutoka begani mpaka kiunoni. Nikawa nataja namba, fundi anaandika. Alipomaliza alizitazama zile namba kama mtu aliyeletewa barua ya mtu mwingine. Kesho yake akatuma ujumbe kwa shangazi: yule binti mwenye futi aje.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kazini. Kazi yangu ilikuwa kupima wanawake, kufumua, kutia mkaa kwenye pasi, na kutoketi kwenye cherehani ya mtu. Mambo mawili ya kwanza niliyofundishwa nayasema kwenu mpaka leo. Pasi ya mkaa ipepee uani, usiipepee karibu na kitambaa cheupe. Cheche moja ni tundu moja. Na mkasi wa kitambaa haukati karatasi. Siku niliyokata karatasi kwa mkasi wa Fundi Shomari hakunigombeza. Aliuweka mezani, akaufunika kwa leso kama maiti, akafanya kazi siku nzima bila kusema nami.

Nilikaa hivyo mwaka na zaidi, na ndani ya muda huo nilipima wanawake wengi kuliko mafundi wote watatu walivyopima maisha yao yote. Vipimo niliviandika kwenye daftari bila majina, maana kiuno cha mtu ni siri yake. Kila mteja nilimpa jina la ndege. Mke wa mwalimu mmoja alichungulia daftari akauliza Batamaji ni nani. Nikamwambia ni mama mmoja wa Malinyi. Alikuwa yeye.

Nilichojifunza kwenye daftari lile ni hiki: mwanamke mnene si mwanamke mwembamba aliyepanuliwa. Mmoja unene wake uko mbele, mwingine uko nyuma, mwingine wote uko mikononi na miguu yake ni ya msichana. Mafundi walikuwa wanapanua kila kitu kwa pamoja. Mtu akiwa na nyonga kubwa wanampa na mabega makubwa, basi nguo inateremka, shingo inatanuka, mama wa watu anashinda anavuta gauni begani kama mtu anayefukuza nzi. Mabega hayanenepi sana, wanangu. Anzeni begani, lishike vizuri, kisha shukeni taratibu. Nilijaribu kumwambia Fundi Shomari. Akaniambia niangalie mkaa.

Mwaka uliofuata, wakati mvua za masika zimeanza, akaja Mama Serafina.

Mama Serafina alikuwa mzaliwa wa Kiberege, mfanyabiashara wa samaki wakavu sokoni Ifakara, na akipita mlangoni mlango ulikuwa umetumika wote. Mwendo wake ulikuwa mwepesi mno. Mumewe, Bwana Damiani, karani wa ghala la pamba, alikuwa mwembamba kama rula. Wawili hawa walipenda dansi kuliko kitu chochote. Kila Jumatatu ya Pasaka kulikuwa na mashindano ukumbini, na mwaka uliotangulia, katikati ya walzi, Mama Serafina aliinua mkono ili azungushwe, gauni likapasuka kutoka kwapani mpaka kiunoni. Mshereheshaji akamfunika kwa kitambaa cha meza, naye mama akatoka ukumbini amejifunga hicho. Fundi aliyelishona alikuwa wa baraza jingine na alishahama mji, kwa hiyo simtaji. Tangu siku ile, Mama Serafina akikatiza sokoni, hakukosekana mhuni wa kutoa mlio wa kitambaa kinachochanika kwa mdomo: chraaa.

Aliketi barazani kwetu, akapokea shikamoo yangu, akafungua bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na ukurasa uliokatwa kwenye gazeti la Wazungu: mwanamke mwenye gauni la kiuno kilichobanwa, mkanda, na sketi pana ya marinda.

"Nataka hili," alisema. "La kuchezea."

Fundi Shomari aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole. "Mama, huyu wa pichani hajala tangu juzi."

"Kutokula ni shauri lake. Mimi nataka gauni lake, njaa yake sitaki."

"Nitakushonea kanzu nzuri, pana, ya heshima."

"Kanzu ninazo nne. Fundi, watu wanasema mimi nilipasua gauni. Mimi sikupasua kitu. Gauni ndilo lililopasuka, nami nilikuwa ndani." Akanigeukia. "Wewe ndiye binti anayepima? Priska ananisimulia. Unaweza?"

Nilitakiwa kusema sijui. Nikasema, "Nitajaribu, mama."

Mafundi wale wawili waliacha kukanyaga cherehani. Fundi Shomari akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Kisha akaniita pembeni. Kitambaa cha Mama Serafina kilikuwa poplini ya rangi ya samli yenye maua makubwa mekundu, yadi nane, kimetoka Morogoro. Barabara ilikuwa imekwisha kukatika kwa maji, na dukani hakukuwa na mfano wake.

"Kikiharibika hakuna kingine," aliniambia. "Ukikiharibu utarudi Kisawasawa. Si kwa hasira yangu. Ni kwa ajili ya jina la baraza hili."

Nikasema sawa.

Sikukigusa kitambaa chake. Nilianza na mifuko ya unga wa ngano, ile ya nguo nyeupe, nikaifumua na kuifua, nikashona gauni la majaribio. Nalipendekeza hili kwenu kwa mteja yeyote mwenye mwili; kosa likae kwenye mfuko wa unga. Tatizo ni maandishi ya kiwanda, ambayo sabuni haikuyatoa, nayo yalimwangukia Mama Serafina makalioni, yakisomeka vizuri kabisa. Alipoambiwa yameandikwa nini, unga safi wa daraja la kwanza, alisema niyaache.

Gauni lilimkaa. Akisimama, alikuwa kama picha. Lakini huyu hakuwa anakwenda kusimama. Nikamwomba acheze, naye akasema walzi haichezwi peke yake. Bwana Damiani alikuwa ghalani. Wale mafundi wawili ghafla wakawa na kazi nyingi. Mama Serafina akamtazama Fundi Shomari.

"Mimi mtu wa maulidi," alisema fundi. "Dansi siijui."

"Wewe simama tu na mkono juu. Nitazunguka mwenyewe."

Basi akasimama uani, mkono juu, uso ameugeuzia ukutani kama mtu anayechomwa sindano. Mama Serafina akamshika vidole, akahesabu moja mbili tatu, akazunguka. Mzunguko wa kwanza gauni lote lilipanda naye, pindo likafika magotini. Mzunguko wa pili tukasikia: chraaa. Kwapani, na kiunoni nyuma.

Hakuna aliyecheka. Mama Serafina alishusha mkono polepole, akalitazama lile tundu, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba aliogopa. Fundi Shomari akasema kwa upole, "Nilisema kanzu," akarudi barazani.

Jibu nililipata uani kwa shangazi, siku mbili baadaye, akitwanga mpunga. Alikuwa amevaa moja ya zile nguo zake zenye afya. Kila alipoinua mchi, gauni lote lilinyanyuka mpaka magotini, alipoushusha, likashuka. Kama pazia. Jirani yake, aliyekuwa anatwanga naye kwa zamu, alivaa blauzi ndogo ya kubana yenye kwapa la juu, na blauzi ile haikusogea hata kidogo. Nilikaa chini nikatazama mpaka shangazi akauliza kama nimekuja kusaidia au kuhesabu michi.

Sisi sote tulidhani mtu mnene anahitaji kwapa kubwa, la chini, ili apumue. Kumbe kwapa la chini limeungana na ubavu. Mkono ukipanda, ubavu nao unapanda, na usipopanda unachanika. Kwapa linatakiwa liwe dogo, lipande juu karibu na mwili, halafu chini yake unaingiza kipande kidogo chenye pembe nne, mfano wa uru kwenye karata, kilichokatwa mshazari ili kivutike. Mkono ukishuka, kipande kinajikunja hakionekani. Ukipanda, kinafunguka. Na kiuno nilikiacha bila mshono wa kukizunguka. Nilikata vipande virefu kutoka begani mpaka pindoni, vitatu mbele na vitatu nyuma, vinabana kiunoni na kufunguka kuelekea chini, hivyo sketi inakuwa pana bila hata rinda moja la kuongeza unene.

Nikashona mifuko mingine ya unga. Safari hii Mama Serafina alizunguka uani na mchi wa shangazi akiwa ameushika kama mume, mara ishirini, na pindo halikupanda. "Damiani mwenyewe hashikiki vizuri hivi," alisema.

Zilibaki siku sita kufika Jumatatu ya Pasaka. Nikatandika mkeka kwenye chumba cha shangazi, kwa kuwa meza ya barazani ilikuwa fupi, nikatandaza ile poplini, nikakata. Kipande cha kati cha mbele, kipana. Vya nyuma vyote vitatu. Mikono. Ubavu wa mbele wa kushoto. Ubavu wa mbele wa kulia. Mvua inapiga bati, mimi naimba.

Nikavichukua vipande vile viwili vya ubavu nikavilaza uso kwa uso. Havikukutana. Nikageuza kimoja, maua yakaangalia ndani. Nikageuza tena. Nilikuwa nimekata viwili vya kushoto.

Nyie mtacheka, lakini hakuna fundi hapa ambaye hajafanya hivyo. Tofauti ni kwamba ninyi mnakwenda dukani kununua yadi mbili. Mimi nilipima kilichobaki. Hakikutosha kipande kirefu hata nusu.

Shangazi alinikuta nimekaa katikati ya mkeka. "Umejikata?"

"Afadhali ningejikata."

Alipoelewa aliketi kando yangu, akasema, "Sasa utamwambia nani kwanza?"

Nilikuwa nafikiria kutomwambia mtu. Nilikuwa nafikiria lori, kama lingepatikana lori. Lakini nikamkumbuka Mama Serafina alivyoushusha ule mkono uani. Nikajifunika khanga, nikaenda sokoni kwenye mvua, nikamkuta Mama Serafina chini ya kibanda chake na kambale wake wakavu.

"Mama, nimekosea kukata."

"Nieleze polepole. Mimi nauza samaki."

Nikamweleza. Akasikiliza, akiwageuza wale samaki mmoja mmoja.

"Kwa hiyo nina kushoto mbili."

"Ndiyo, mama."

"Na kulia sina."

"Huna."

Maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye khanga yangu mpaka kwenye miguu yake, naye hakuisogeza.

"Yule fundi wa mwaka jana," alisema mwisho, "alijua mshono wake ni mbovu. Baadaye watu wa barazani kwake waliniambia alijua. Akanyamaza, akaniacha niende nao mpaka ukumbini. Wewe umekuja na mvua." Akanifungia kambale wawili kwenye jani la mgomba. "Nenda ukale, ufikirie. Siku sita ni nyingi."

Kwa Fundi Shomari nilikwenda na vipande vyote kwenye kikapu. Nikavimwaga mezani kwake, nikasema kosa langu mbele ya wale wawili. Akaacha kukanyaga. Gurudumu la cherehani likazunguka lenyewe mpaka likasimama. Alivitazama vile vipande, akaanza kuvisogeza, hiki hapa, kile pale, kama mtu anayecheza karata peke yake. Ilichukua muda mrefu.

"Cha kati ni kipana," alisema. "Ubavu wa kulia unatoka humu."

"Na cha kati kitatoka wapi?"

Akainama, akavuta sanduku lake la bati lililokaa chini ya cherehani. Chini kabisa, ndani ya gazeti, kulikuwa na satini nyeusi, nzito, inayong'aa.

"Ya buibui la mke wangu," alisema. "Nilikuwa nangoja mtu wa kwenda Kilwa. Sasa hakuna njia, hatakwenda mtu. Mpaka njia ifunguke nitapata nyingine."

Nikauliza tu, "Fundi, na Kisawasawa?"

"Kisawasawa nako kumejaa maji," alisema, akirudi kukanyaga. "Utakwenda wapi."

Nilishona siku nne mchana, kwenye cherehani yake mwenyewe, saa ambazo alikwenda kula na kusali, na mara nyingine alizokwenda kutembea bila sababu yoyote niliyoiona. Kila mshono niliupiga pasi kabla ya kuunga mwingine. Msiruke hatua hiyo hata siku moja, mshono usiopigwa pasi unanenepesha kuliko wali. Ile satini nyeusi ilishuka katikati kutoka shingoni mpaka pindoni kama barabara, maua mekundu yamekaa pande zote mbili. Shingo niliikata pembe tatu, isiyo ya aibu wala ya ubahili. Kutoka kwenye kile kipande cha kushoto cha ziada nilipata vipande vya kwapa na mkanda. Mkanda sikuuzungusha. Nilianzia kwenye mshono wa ubavu, nikaufunga nyuma, ili mbele ile barabara nyeusi isikatizwe. Mama Serafina alipojitazama kwenye kioo cha duka, alijitazama mbele, akajitazama upande, akarudi mbele.

"Huyu wa pichani," alisema, "aje ajifunze."

Jumatatu ya Pasaka dansi ilianza saa nane mchana. Bendi iliyotarajiwa kutoka Kilosa ilikuwa imekwama njiani na matope, hivyo kodiani ikapigwa na mpishi mmoja aliyejua nyimbo tano. Ukumbi ulijaa. Walikuja walimu, makarani, wauguzi, na watu wa ng'ambo ya mto waliofika kwa mitumbwi wakiwa wamebeba viatu vyao mikononi. Mimi na shangazi tulisimama karibu na ukuta. Fundi Shomari alikuwa nje, dirishani, kwa sababu ya mvua, alisema, ingawa upande ule ndio uliokuwa unanyesha.

Mama Serafina alipoingia, kelele zilipungua. Watu walilitazama lile gauni kuanzia juu hadi chini, kisha kuanzia chini hadi juu. Ile satini iliwaongoza hivyo bila wao kujua. Halafu nikaona macho yote yamehamia kwapani kwake. Walikuwa wanangoja. Wawili watatu walikuwa wamekwisha kuandaa midomo.

Walzi ikaanza. Moja mbili tatu. Walikwenda ukumbi mzima, yule mwembamba na yule mpana, na niseme ukweli, hakukuwa na wawili waliochezeana vizuri kama wale. Wakafika katikati. Bwana Damiani akainua mkono. Mama Serafina akainua wake, akazunguka.

Chraaa.

Kodiani ilinyamaza. Shangazi akanishika mkono mpaka ukauma. Ukumbi wote ulikuwa unamtazama Mama Serafina, naye alisimama palepale aliposimamia. Halafu, bila haraka, akainua mikono yote miwili juu kabisa, akajizungusha mara moja peke yake, taratibu, kila mtu aone kushoto, kulia na nyuma. Poplini nzima. Satini nzima. Hata uzi haukutoka.

Ndipo Bwana Damiani alipopeleka mkono mgongoni kwake na kugusa shati. Koti lake la kijivu, kazi ya Fundi Shomari, ile iliyosifiwa mpaka Mahenge, lilikuwa limefunguka kutoka kwapani mpaka katikati ya mgongo.

Kicheko kilichotoka pale nadhani kilisikika mpaka kivukoni, na aliyecheka zaidi ya wote ni Mama Serafina. Alimvua mumewe koti, akalining'iniza kwenye kiti, akamshika mkono, akamwambia mpishi aendelee. Wakacheza mpaka mwisho, yeye na mume wake wa mikono ya shati. Walitoka wa pili. Wa kwanza walikuwa mwalimu mmoja na mkewe, waliocheza bila kosa kama watu wanaosoma ubaoni. Mama Serafina alipewa birika, akalibeba kama kombe, na mlangoni alipopita mbele yangu alisema, "Mwanangu, leo nimetoka na nguo zangu."

Gauni lile alilivaa miaka mingi, kanisani na harusini, na nililitanua mara mbili kwenye mshono wa ubavu. Wiki iliyofuata nilikuwa na ndege wapya kumi na wanne kwenye daftari, mmoja wao amekuja kutoka Chita kwa mtumbwi na kwa miguu. Mwezi huo huo mwenye duka alileta barazani cherehani ya nne, ikawekwa karibu na mlango penye mwanga.

Lakini kabla ya hayo kuna Jumanne yake, nayo ndiyo naikumbuka zaidi. Nilifika asubuhi nikamkuta Fundi Shomari peke yake. Mbele yake kulikuwa na lile koti la kijivu, amelifumua mikono yote miwili. Akanisogezea kiti chake, yeye akaketi kwenye kigoda.

"Kwapa," alisema. "Ulilikata vipi?"

Nikachukua chaki. Nikamchorea kwapa lake la zamani, nikamchorea langu juu yake, nikamwonyesha ubavu unavyovutwa, kisha nikamkatia ile uru ndogo mshazari. Aliivuta pembe kwa pembe, akaiachia, akaivuta tena. Akainua mkono wake mwenyewe juu na kuutazama, na pindo la shati lake likachomoka kiunoni.

"Miaka ishirini na minane," alisema, mkono bado uko juu. "Kumbe nilikuwa nawashonea watu waliosimama."

Akaushusha, akachukua mkasi wake ule nisioruhusiwa kuugusa tangu siku ile ya karatasi, akanikabidhi, akalilaza lile koti mbele yangu.